Siku sita kulifuata daraja la mwembeni

Jumatatu, Tanga mjini

Basi limenishusha saa tano asubuhi, na kabla ya kutafuta chumba nimekwenda moja kwa moja stesheni. Sikuwa na treni ya kupanda. Nilitaka tu safari yangu ianzie pale reli yenyewe ilipoanzia. Hapa Tanga ndipo Wajerumani walipoanza kutandika reli Juni 1893, ya kwanza katika nchi tunayoiita leo Tanzania Bara. Kampuni iliyoianza ilikwenda kwa kusuasua: ilichukua karibu miaka mitatu kufika Muheza, kilometa 40 tu kutoka bandarini, na treni zikaanza kwenda huko Aprili 1896. Baadaye fedha zikakauka, serikali ya kikoloni ikaichukua kazi mwaka 1899, na reli ikafika Korogwe 1902.

Mkobani nina daftari la babu, mzaa mama. Alikuwa mtu wa genge. Kwa asiyejua, genge la reli ni kundi la wafanyakazi waliokabidhiwa kipande cha njia wakitunze: kushindilia kokoto chini ya mataruma (mihimili inayolaliwa na reli), kukaza nati, kufyeka majani, kuzibua mifereji kabla ya masika. Babu aliajiriwa enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na katika daftari lake aliandika mambo ya kazi tu, kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wa mtu anayebana karatasi. Sentensi moja imerudiwa mara nne, katika miaka tofauti:

"Kalavati la mwembeni, baada ya Mnyusi. Jiwe la kona, chini, limelegea. Lisisahauliwe masika."

Mama yangu alikulia kwenye kota za reli upande huo, na anasema pale hapajawahi kuwa na kalavati. Palikuwa na daraja. Yeye na wenzake walipita chini yake kila siku kwenda shule. Mtu na baba yake walibishana juu ya jambo hilo miaka yote, kwenye vikao vya familia, kwenye misiba, hadi babu akaenda zake, Mungu amrehemu.

Mtu anaweza kusema ni ubishi wa maneno. Mimi naona kuna jambo kubwa ndani yake. Kalavati hujengwa kwa ajili ya reli yenyewe, ili maji yapite na tuta lisizolewe. Mtu akipita humo, anapita kwa hisani. Lakini daraja la reli juu ya barabara maana yake ni kwamba reli ilikuta njia ya watu, ikaipisha. Nimekuja kuangalia ni lipi kati ya hayo mawili.

Jumanne, barabarani

Nimepanda daladala hadi Muheza, nikanunua machungwa, kwa kuwa kupita Muheza bila machungwa ni kujinyima. Kutoka hapo nikapata gari la Hale. Mkonge umepangwa mistari pande zote mbili za barabara, kijani kile cha kijivu, hadi macho yanachoka.

Mkonge na reli hii ni watoto wa mwaka mmoja. Mwaka huohuo wa 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Amerika. Iliyofika hai pwani yetu ilikuwa 62, na hiyo 62 ndiyo mama wa mashamba yote haya. Bila reli, katani, yaani nyuzi za mkonge, isingefika bandarini kwa bei ya maana. Bila katani, sidhani kama reli ingekuwa na cha kubeba.

Nimelala Hale. Mvua ndogo usiku.

Jumatano, Mnyusi

Bodaboda amenitoa Hale mapema. Mnyusi ni mahali padogo panapobeba jambo kubwa, kwa sababu hapa ndipo njia ya Tanga inapokutana na ile inayotoka Ruvu. Kiungo hicho cha kilometa 188 kilikamilika 1963. Kabla ya hapo reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa ndugu wasiotembeleana. Mtu wa Dodoma aliyetaka kufika Korogwe alipaswa kushuka na kutafuta gari, na mzigo vilevile.

Kwa hiyo daraja letu, likiwa upande wa Korogwe, limebeba treni za pande zote mbili tangu mwaka huo. Limebeba pia ukimya. Treni za abiria za kwenda Moshi zilisimama miaka ya tisini, zikarudi Desemba 2019, na mwaka uliofuata zikafika Arusha. Robo karne nzima watu wa vijiji hivi walisikia treni za abiria kwenye hadithi tu.

Kutembea juu ya reli hairuhusiwi, na ni sawa isiruhusiwe. Nimefuata kijia kilicho chini ya tuta, jua kisogoni, hadi kijiji ambacho sitakitaja. Wenyewe wameniomba hivyo, kwa kuwa wanunuzi wa vyuma chakavu wana masikio marefu, na huko nyuma nati na vipande vya taruma vimeshang'olewa usiku.

Mwenyeji wangu ni mzee aliyefanya kazi korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, tangu ujana wake. Baba yake alitoka Kigoma. Aliletwa na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokusanya vibarua mikoani, akapewa namba na kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30, akawa mmoja wa manamba. Hakurudi tena kwao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuangalia daraja?"

Sikuwa nimemwambia. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema daraja.

Alhamisi, chini ya daraja

Siku nzima nimekaa hapo. Nitaandika kwa utaratibu, kwa kuwa sijawahi kuona mahali padogo pana mambo mengi hivi.

Tuta la reli linakuja kutoka mashariki, limeinuka kuliko paa la nyumba ya kawaida. Katikati yake pana uwazi. Kuta mbili za mawe ya kuchonga zimesimama zikitazamana, na juu yake zimelazwa boriti za chuma zilizofungwa kwa ribiti. Juu ya boriti ni mataruma, na juu ya mataruma ni reli mbili zilizoachana mita moja kamili. Ukisimama chini ukaangalia juu unaiona mbingu vipande vipande. Nimepima kwa futi ya kamba: kutoka kuta hadi kuta ni mita tatu na kidogo, na kutoka ardhini hadi tumbo la boriti ni mita mbili na robo tatu.

Boriti zina alama. Upande wa kusini, ukingo wa chini umekwaruzwa hadi ukang'aa, mistari mirefu juu ya mistari, ya matela ya trekta yaliyopita na shehena ya majani ya mkonge iliyozidi kimo. Kwenye vichwa vya ribiti zimenasa nyuzi. Nimezigusa. Ni katani, nyeupe, kavu, zimeviringana na utando wa buibui na grisi iliyodondoka kutoka juu, kama ndevu za mzee. Nyingine ni ngumu kama waya. Hizo zina miaka. Mbayuwayu wamejenga viota vya tope katika pembe tano, na kila kiota nilichoweza kukichungulia kina katani ndani.

Kuta hazifanani. Ule wa mashariki ni mawe matupu, yamepangwa na fundi asiye na haraka. Ule wa magharibi ni mawe hadi usawa wa kifua, halafu juu yake ni zege. Nimemuuliza mzee.

"Hilo la juu ni la Waingereza," akasema. "La chini la Mjerumani. Mjerumani mwenyewe alilivunja."

Hayo ndiyo wazee waliomtangulia walivyomwambia, na yanakaa vizuri na tunayoyajua ya vita. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliteremka kutoka Kilimanjaro yakifuata reli na mto Pangani. Mwezi Juni walikuwa Mombo, kisha Korogwe, na Julai wakaichukua Tanga. Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma walilipua madaraja na kuharibu njia ili adui asipate treni, na vikosi vya reli kutoka India vilivyokuja na Waingereza vikafuata nyuma vikiunganisha.

Miaka miwili kabla, Novemba 1914, reli hiyohiyo ndiyo iliyowaokoa Wajerumani. Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu 8,000 hivi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakuwa na zaidi ya 1,000 au wachache juu yake, na wengi wao aliwaleta kwa treni kutoka upande wa Moshi. Hapakuwa na reli nyingine ya kupita. Wale askari, vijana wa Kinyamwezi na Kimanyema na Kisudani waliobebwa kwenda kupigania vita ya watu wengine, walipita juu ya boriti hizi, au za pale zilipo hizi. Nimekaa chini nikiwafikiria. Vitabu vinawahesabu lakini majina yao havina.

Sasa jambo lililonileta. Baada ya chakula nimemweleza mzee ubishi wa mama na babu. Hakucheka. Aliinuka, akachukua fimbo, akasema twende.

Tumepanda kidogo kando ya tuta kuelekea Korogwe. Hatua 22. Pale, chini ya vichaka vya mbarika, akafukua majani kwa fimbo, na nikaona tundu: duara la mawe, kimo chake kinanifika kiunoni, na mfereji unaoingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Ndani kuna mchanga laini uliosombwa na mvua.

"Hili ndilo kalavati," akasema. "Maji yalipewa lake. Lile kule walipewa watu."

Nimesimama pale muda mrefu. Mtu anayejenga tuta la udongo haachi uwazi bure. Kila uwazi ni mawe, ni chuma kilichokuja kwa meli kutoka Ulaya, ni mafundi na siku za kazi. Kama kungekuwa na maji tu ya kupitisha, hilo tundu lingetosha. Waliacha uwazi wa pili, mpana, hatua 22 tu kutoka wa kwanza, kwa sababu kulikuwa na kitu kinachopita hapo ambacho hakikuweza kuzuiwa.

Na tunajua ni nini. Bonde hili la Pangani lilikuwa njia ya misafara kabla ya Wajerumani. Pembe na watumwa waliteremka, nguo na shanga zikapanda. Huko mbele, Mazinde, mtawala Semboja wa ukoo wa Kilindi aliweza kuifunga au kuifungua njia hiyo, na wapitaji walimlipa hongo, yaani ushuru wa kupita. Misafara mikubwa ilikwisha, vijia vikabaki: vya kwenda mtoni, vya kwenda gulioni, vya kwenda kuoa. Reli ilipofika, vijia vilikuwa na wenyewe.

Mzee ana maelezo yake juu ya kimo. "Walipima mtu mwenye mzigo kichwani, wakaongeza kidogo." Mimi nimemwamini. Jioni nimewahesabu wanawake sita wakipita na madumu ya maji kichwani, na hakuna hata mmoja aliyeinama.

Kabla ya giza nimelitafuta jiwe la kona. Lipo ukuta wa mashariki, upande wa kulia ukitoka kijijini, chini kabisa. Halitikisiki. Kati yake na jiwe la pili kimegongomelewa kipande cha chuma, bapa, kimekunjwa ncha. Ni kipande cha taruma la zamani. Reli hii ilitandikwa mataruma ya chuma tangu mwanzo, kwa kuwa yale ya mbao mchwa wangeyamaliza. Nimemuuliza mzee nani alikiweka. Akasema ni watu wa genge, zamani, yeye bado hajaoa.

Ijumaa, bado hapo

Mvua imenyesha kuanzia alfajiri na nimeona upande mwingine wa daraja hili.

Barabara imeshuka miaka yote hii, kwa magurudumu na mvua, na chini ya daraja pamekuwa bakuli. Kufikia saa nne maji yalikuwa yamepita magoti. Tundu lile la hatua 22 limejaa mchanga nusu, kwa hiyo maji yake yanakuja huku. Watoto wa shule walibebwa mgongoni na kaka zao. Mwenye bodaboda alizima pikipiki, akaikokota kando, akakaa kusubiri.

Bibi mwenye nyumba, mke wa mzee, ndiye aliyenisimulia tulipokuwa tunamenya mihogo. Masika ya mwaka mmoja mkwe wake alishikwa na uchungu usiku. Gari lililoitwa kutoka mjini lilifika upande wa pili wa daraja na kusimama, dereva akaogopa maji. Wanaume wakambeba mama kwa kitanda cha kamba, maji yakiwafika mapajani, wakampitisha. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Baada ya hapo kijiji kiliandika barua. Ofisi ya kwanza ikawajibu kwamba barabara haiwahusu. Ile ya pili waliyoelekezwa ikawajibu kwamba wao hawaruhusiwi kuchimba chini ya reli, na kwamba katika makaratasi pale pana tundu la maji tu.

Hapo ndipo nimeelewa kwamba mama hakuwa anabishana na babu kwa ukaidi. Jina likikosewa kwenye karatasi, hakuna mwenye wajibu. Kalavati likijaa maji limefanya kazi yake. Daraja likijaa maji watu wamefungiwa. Kazi inayotakiwa si kubwa: kuuzibua mfereji ule wa juu, kupanga mawe chini ya daraja na kuyapa maji mteremko wa kutokea. Watu wa genge la babu wangeimaliza kwa wiki. Vijana wa hapa wako tayari na majembe yao. Wanataka kibali tu. Nimewaandikia barua upya, nikaweka vipimo vyangu, hatua 22 zile, na picha za matundu yote mawili. Mzee ametia dole gumba pamoja na sahihi, akisema kimoja kikipotea kingine kibaki.

Usiku sikulala. Walisema treni ya Arusha itapita, na usiku wa manane kweli nikaisikia, mbali sana upande wa Mnyusi, kama mtu anayesaga nafaka. Nilitoka na tochi, nikakaa chini ya mwembe. Ni shina tu na tawi moja, radi iliupiga. Kwanza reli ikaanza kuimba, sauti nyembamba. Kisha mbayuwayu wakatoka wote kwa mpigo, kabla hata taa haijaonekana. Halafu kichwa cha treni kikapita juu, boriti zikaguna, na mabehewa yakafuata na madirisha yake ya manjano. Kwenye dirisha moja nikaona mama anamnyonyesha mtoto, nusu ya sekunde. Hakujua kwamba yuko juu ya daraja. Grisi ikadondoka majini, tone, tone, na baada ya muda ndege wakarudi mmoja mmoja.

Jumamosi, Korogwe

Nimetembea sehemu ya njia na kumalizia kwa bodaboda, matope hadi magotini. Bibi amenifungia mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Barua nimeipeleka mwenyewe, imepokelewa na kugongwa muhuri, na nakala ninayo.

Jioni nimempigia mama.

"Ni daraja," nikamwambia. "Kalavati liko pembeni, hatua 22."

Kimya kidogo. "Baba alikuwa anapita juu," akasema. "Kule juu yote mawili ni mashimo tu." Akauliza kuhusu mwembe. Nikamwambia ukweli. Akauliza kama wanawake bado wanapita na madumu bila kuinama, nikasema bado.

Halafu nikamsimulia habari za jiwe la kona, na kile kipande cha taruma kilichogongomelewa pale.

"Kimekunjwa ncha?" akauliza.

"Kimekunjwa."

"Kwa ndani au kwa nje?"

Nikaangalia picha kwenye simu. "Kwa ndani. Ili kisimkate mtu anayepita."

Mama akaniomba nimtumie picha hiyo, na kama nitapita tena pale kesho, nisimame kidogo nimwombee babu dua.